Kumwandaa Mwalimu Kabla ya Kununua Kishikwambi



Kila mwaka vijana kutoka jumuiya ndogo ndogo za Gongoni na kata jirani za Chemchem, Kanyenye na Ng'ambo hujiunga na vyuo vya ualimu. Wazazi huuza mpunga au asali, hukopa katika vikoba, na wengine hubisha hodi katika ofisi ya parokia ili kijana apate nauli na ada ya muhula wa kwanza. Baada ya miaka kadhaa kijana hurejea na stashahada au shahada yake, tayari kukabidhiwa watoto wa watu. Katika makala hii tunapenda kueleza sehemu moja ya malezi yake ambayo waamini wengi hatuifahamu vizuri, nayo ni namna anavyoandaliwa kutumia teknolojia darasani: kompyuta, kishikwambi, projekta, redio, na ile simu ndogo iliyomo mfukoni mwake.

Tunawaeleza waamini wote, wala si wanachuo peke yao, kwa sababu Halmashauri za Walei hupokea mara kwa mara maombi ya kuchangia kompyuta za shule. Ombi huja na picha ya kifaa na bei yake. Ni nadra kukuta ndani yake mstari unaomtaja mwalimu atakayekitumia, na ni nadra zaidi kukuta mstari unaosema amefundishwa wapi kukitumia. Fedha hizo ni sadaka ya watu wasio na kingi, na watoto watakaokaa mbele ya vifaa hivyo ni wetu. Kwa hiyo hatuna budi kulielewa jambo hili vema kabla ya kufungua pochi.

Mzigo na kirangozi

Tabora si mahali pageni kwa vitu vipya. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na kitambaa cha merikani, shanga, waya wa shaba na bunduki vilifika kwetu mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Mwaka 1912 reli nayo ikafika. Tusisahau kwamba njia hiyo hiyo ya misafara ilipitisha pembe za ndovu na binadamu waliofungwa minyororo; njia nzuri haichagui kinachopita juu yake. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo hiyo walijua pia kwamba mzigo haujui njia. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, mtu aliyejua visima vilipo, mahali pa kupiga kambi na pori la kulikwepa. Naye aliijifunza njia kwa kuitembea mara nyingi nyuma ya kirangozi mwingine.

Wamisionari waliotuletea Injili waliizingatia hekima hiyo. Wengi wetu tunavyo nyumbani vitabu vya sala na katekisimu vyenye chapa ya T.M.P. Book Department, Tabora, yaani matunda ya Tanganyika Mission Press. Mtambo wa kuchapa ulikuwa teknolojia kubwa ya wakati wake. Hata hivyo kitabu hakikutumwa kijijini peke yake. Kilikwenda mikononi mwa katekista aliyekuwa ameandaliwa kukisoma, kukieleza na kujibu maswali ya wazee waliokuwa na mashaka.

Mfano mzuri zaidi ni wa taifa zima. Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi kuhusu malaria, kuhara, maji safi na vyoo. Watu wengi wanaoikumbuka huikumbuka redio. Kilichoibeba kampeni ile, kadiri ya mtazamo wetu, ni kazi iliyofanyika kabla ya redio kuwashwa: viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo. Walikuwa na vitabu vya kusomea na walijua jinsi ya kuongoza mazungumzo baada ya kipindi. Walijua pia namna ya kukisaidia kikundi kuamua la kufanya wiki ile. Kipindi kilipokwisha watu walichukua majembe wakachimba vyoo. Redio ilisema, na kiongozi wa kikundi akageuza maneno kuwa kazi.

Miaka michache baadaye redio ilitumika kuwafunza walimu wenyewe. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililokusudia kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi ya elimu ya msingi, nchi ilihitaji walimu wengi kuliko vyuo vilivyoweza kuwatoa. Vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu yao, walifundishwa kazini vijijini mwao kwa vitabu vya masomo kwa posta, vipindi vya redio na usimamizi wa wakufunzi, huku wakifundisha darasani siku zile zile. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali, na wazee wanaozungumzia "walimu wa UPE" wanaujua mjadala huo. Hata hivyo, huo ulikuwa mpango wa kitaifa wa kuandaa walimu kwa kutumia chombo cha mawasiliano, nusu karne kabla ya vishikwambi, na ingefaa ukumbukwe na wale wanaodhani jambo hili limeanza jana.

Mwaka huo huo wa 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, zuio lililodumu hadi miaka ya 1990. Tunalitaja bila kumhukumu mtu, maana nchi ilikuwa na sababu zake. Lakini lina uzito katika mada yetu: wakufunzi wenye uzoefu mkubwa katika vyuo vyetu walipata malezi yao ya ualimu bila kuwahi kumwona mkufunzi wao akifundisha kwa kompyuta. Na mwalimu, kama mzazi, hufundisha kwanza jinsi alivyofundishwa.

Vifaa vimekuja

Tangu mwaka 2005 hali imebadilika kwa kasi. Kwa msaada wa Sweden, kompyuta zilipelekwa katika vyuo vya ualimu vya Serikali, 34 kwa wakati ule. Mwaka 2007 ikatoka sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Baadaye ukaja mradi wa kuimarisha elimu ya ualimu kwa ufadhili wa Kanada. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao, na imeandaa mfumo wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambamo mwalimu anaweza kusoma moduli kwa simu au kishikwambi. Kuanzia Novemba 2022 vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi, pamoja na vingine, vilianza kugawiwa kwa walimu. Idadi iliyotajwa na Serikali ilikuwa takriban 300,000. Tarehe 1 Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, pamoja na mitaala mipya.

Kwa hiyo mwalimu tarajali wa leo, awe katika Chuo cha Ualimu Tabora au katika chuo chetu cha Askofu Mkuu Mihayo, AMUCTA, hataweza kusema kwamba vifaa havijafika nchini. Vimefika, ingawa havitoshi, na umeme na bando havipatikani kila mahali. Swali lililobaki ni la ndani zaidi.

Jirani zetu wa Kenya walilikuta swali hilo mapema. Mwaka 2013 Serikali yao iliahidi kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza. Mpango ukacheleweshwa, ukabadilishwa, na mwaka 2016 shule zikaanza kupokea vishikwambi. Vifaa vilifika, lakini katika shule nyingi vilibaki kabatini kwa sababu walimu hawakuona vinaingia wapi katika somo la siku hiyo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu, baada ya kupitia uzoefu wa nchi nyingi, ilikiri kwamba ushahidi wa uhakika na usioegemea wauzaji wa vifaa kuhusu faida ya teknolojia darasani bado ni haba. Wapendwa, hilo halina maana kwamba teknolojia haifai. Lina maana kwamba faida haimo ndani ya kasha.

Anajifunza nini hasa?

Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, alifafanua jambo ambalo walimu wazuri walilijua moyoni: kulijua somo ni kitu kimoja, kujua kufundisha kwa jumla ni kitu cha pili, na kujua namna ya kulifundisha somo hili hasa kwa watoto hawa ni maarifa ya aina ya pekee. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wa Chuo Kikuu cha Michigan State waliongeza maarifa ya zana juu ya hayo. Walisisitiza kwamba hayo yote hayakai katika mafungu matatu yaliyotengana. Mwalimu anahitaji mahali yanapokutana: kujua zana ipi, kwa mada ipi, kwa njia ipi ya kufundisha, kwa watoto walio mbele yake.

Maneno hayo ni makavu, kwa hiyo tuyaingize darasani. Tuchukue somo la Sayansi, mada ya mzunguko wa damu. Moyo haufunguliwi mbele ya watoto. Picha mjongeo ya dakika mbili, inayoonyesha vali zikifunguka na kufunga, humpa mtoto kitu ambacho ubao hauwezi kumpa. Mwalimu aliyeandaliwa vema huisimamisha picha hiyo kabla damu haijafika kwenye mapafu, akauliza: sasa itaelekea wapi, na kwa nini? Watoto hubishana, wengine huchora njia hewani kwa kidole, wawili hukataa kata kata, kisha picha huendelea na kila mmoja huona kama alikuwa sahihi. Mwalimu ambaye hakuandaliwa huiacha picha icheze mwanzo hadi mwisho, watoto hushangilia, kengele hulia, na kesho yake hakuna anayekumbuka lolote isipokuwa rangi nyekundu.

Sasa tuchukue mada ya kuota kwa mbegu. Zipo video nzuri sana za mbegu zikichipua. Tunathubutu kusema kwamba katika Tabora kumwonyesha mtoto video ya maharage yakiota ni hasara, wakati maharage yapo sokoni, pamba ipo, na makopo matupu yamejaa nyuma ya kila nyumba. Mtoto anayemwagilia kopo lake na kulipima kwa rula siku kumi mfululizo hujifunza kusubiri, kupima, kuandika, na hata kushindwa pale mbegu yake inapooza. Mwalimu aliyeiva kiteknolojia ndiye pia anayejua saa ya kuacha kishikwambi mezani. Chuo kinachomfundisha mwanachuo kutumia kifaa katika kila kipindi kimemfundisha nusu tu.

Kuna kisa cha tatu ambacho ndicho cha kawaida zaidi kwetu: darasa la pili, watoto tisini, hakuna umeme, na mwalimu ana simu moja. Je, teknolojia imekwisha hapo? Haijaisha. Mwalimu anaweza kumrekodi mtoto akisoma aya fupi, akamsikilizisha sauti yake mwenyewe, na baada ya mwezi akamrekodi tena akisoma aya ile ile. Mtoto husikia kwa masikio yake kwamba amesonga mbele, na mzazi naye aitwapo shuleni husikilizishwa. Watoto wengine wakati huo hufanya kazi ya vikundi waliyopangiwa. Kazi hii haihitaji intaneti. Inahitaji mwalimu anayejua kugawa darasa kubwa katika makundi bila kuzusha vurugu, na ujuzi huo hauuzwi dukani.

Vivyo hivyo mwanachuo anapaswa kujifunza kutafuta vitu vinavyofaa lugha na mazingira yetu. Ubongo Kids, kipindi kilichobuniwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa mwaka 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwa katuni na nyimbo. Shule Direct imeandaa masomo ya sekondari yanayofuata muhtasari wa Tanzania. Kolibri ni programu inayoweza kuhifadhi masomo kwenye kompyuta moja na kuyagawa kwa vifaa vingine bila intaneti. Pale kitu kizuri kinapopatikana kwa Kiingereza tu, mwalimu wa shule ya msingi azime sauti na kueleza kwa Kiswahili chake mwenyewe. Mara nyingi maelezo yake huwa bora kuliko yale ya awali.

Mkufunzi na mazoezi ya kufundisha

Hapa tunafika kwenye fundo la mada. Mwanachuo hawezi kuyapata hayo yote katika kozi moja ya TEHAMA inayofundishwa mbali na masomo mengine, ambamo anajifunza kuandika barua, kutengeneza jedwali na kupanga slaidi. Kozi hiyo ni ya lazima, lakini humfanya ajue kompyuta tu. Anajifunza kufundisha kwa kompyuta pale mkufunzi wa Hisabati anapoitumia kufundisha Hisabati, na mkufunzi wa Historia anapoitumia kufundisha Historia, kisha wote wawili wakajadiliana naye kwa nini walifanya hivyo. Mkufunzi akisimama mbele na kuwaandikisha wanachuo notisi kuhusu "faida sita za projekta", wanachuo watajifunza kuandikisha notisi. Sisi tuliopita seminarini tunalijua jambo hili upande wetu: homilia hujifunzwa kwa kuwasikiliza wahubiri wazuri, kisha kuhubiri mbele ya wenzako na kukosolewa. Somo la nadharia ya kuhubiri, hata likiwa zuri, halikutoshi peke yake.

Ndiyo maana ufundishaji mdogo chuoni una thamani kubwa. Mwanachuo hufundisha wenzake kwa dakika kumi au kumi na tano, wenzake humrekodi kwa simu, kisha wote hukaa kumtazama. Hujiona akiwapa mgongo wanafunzi, akiuliza swali na kulijibu mwenyewe, akihangaika na waya huku darasa likimsubiri. Kujitazama hivyo kunafundisha kuliko mhadhara mrefu. Hapa teknolojia inafanya kazi nyingine kabisa: inakuwa kioo cha mwalimu.

Kisha yanakuja mazoezi ya kufundisha shuleni, na hapo juhudi nyingi za chuo huzama. Mwanachuo hufika na andalio lake la somo lenye video na sauti, akaambiwa kwamba umeme ulikatika juzi, au kwamba hapa tunamaliza muhtasari, hatuchezi. Baada ya wiki mbili amerudi kwenye chaki na kunakili. Hatumlaumu mwalimu mlezi wa shule, kwa sababu naye ana mitihani ya taifa inayomsubiri na madaftari mlima. Tunalosema ni kwamba chuo na shule vinapaswa kukubaliana kabla: mwanachuo atafundisha angalau vipindi fulani kwa kutumia kifaa, mwalimu mlezi atakaa darasani kumwona, na andalio litakuwa na njia ya pili endapo umeme utakatika. Mwanachuo asiye na njia ya pili bado hajaandaliwa kufundisha Tabora.

Pale kifaa kinapokuwa mlango

Kuna watoto ambao kwao haya yote si suala la kupendezesha somo. Mwaka 1963 Kanisa lilianzisha hapa Tabora shule ya watoto viziwi, ya kwanza nchini. Manispaa yetu ina pia shule ya Furaha kwa watoto wasioona. Mtoto asiyeona anayejua kutumia programu ya kusoma kilicho kwenye kioo cha kompyuta, kama NVDA inayopatikana bila malipo, anaweza kusoma kitabu kile kile ambacho mwenzake anakisoma, bila kusubiri kichapishwe kwa nukta nundu. Mtoto kiziwi hupata somo kamili kutoka kwenye video ya Lugha ya Alama. Lakini hupata kidogo sana kutoka kwenye video ya kawaida yenye maelezo ya sauti, hata kama mwalimu ameiongeza sauti hadi mwisho kwa nia njema.

Watoto hawa hawapo katika shule maalumu tu. Wapo pia katika madarasa ya kawaida, wamekaa nyuma, na wakati mwingine huitwa wavivu. Ni furaha yetu kwamba AMUCTA imeyapa elimu ya mahitaji maalumu nafasi ya heshima. Tungependa kila mwalimu tarajali, hata yule atakayefundisha Kemia kidato cha nne, ajue angalau kukuza maandishi kwenye kishikwambi kwa ajili ya mtoto mwenye uoni hafifu. Ni kazi ya dakika moja, na kuna watoto walioacha shule kwa kukosa dakika hiyo.

Mipaka ya simu

Kuna sehemu ya maandalizi ambayo vyuo huitaja kwa haraka, nasi tungependa ipewe nafasi kubwa. Mwalimu mwenye kifaa ana uwezo juu ya watoto ambao mwalimu wa zamani hakuwa nao. Anaweza kumpiga picha mtoto aliyekosea hesabu, akaituma katika kundi la walimu ili wacheke. Anaweza kuandikiana na msichana wa kidato cha tatu saa nne za usiku, akianza na swali la Baiolojia. Wazazi wa Gongoni wamekwisha kuona machozi yaliyotokana na mambo ya namna hii.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya unyanyasaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa picha, majina na matokeo ya watu, watoto wakiwemo. Mwalimu tarajali anapaswa kuzijua kabla ya kuingia darasani. Ajue kwamba picha ya mwanafunzi haitumwi popote bila ruhusa ya mzazi na ya shule. Ajue kwamba mawasiliano na mwanafunzi hupitia njia ya shule au kundi ambalo mzazi yumo. Ajue pia kwamba simu ya mwalimu inayotumika darasani isiwe ile yenye mikeka ya kubeti na picha zisizofaa, kwa maana mtoto anayeazimwa simu atafungua kila kitu. Kwa mwalimu Mkatoliki haya yana mzizi wa ndani zaidi ya sheria: mtoto ni sura ya Mungu, na aliye mdogo ndiye aliyewekwa na Bwana katikati ya mitume.

Akili unde katika andalio la somo

Jambo jipya kuliko yote ni akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Mwanachuo huiandikia sentensi moja, na katika sekunde chache hupewa andalio zima la somo, lenye malengo, hatua na maswali. Tunajua linafanyika, wanachuo wenyewe hutueleza wakija kuungama uchovu wao, ingawa si katika kitubio. Je, ni dhambi? Swali hilo si la kwanza. La kwanza ni kwamba andalio ni mahali ambapo mwalimu anafikiri kuhusu watoto wake kabla ya kukutana nao. Anayelinakili bila kulisoma ameingia darasani bila kufikiri, na watoto watalijua hilo kabla ya mkaguzi. Tena mashine hiyo huweza kutunga jambo lisilo la kweli kwa lugha fasaha kabisa, ikataja mto usiokuwapo au tarehe ya uongo. Mwanachuo afundishwe kuipa kazi, kisha kuisahihisha kwa kitabu cha Taasisi ya Elimu, kama anavyosahihisha daftari la mwanafunzi.

Hati ya Vatikani Antiqua et Nova, iliyotolewa tarehe 28 Januari 2025, inalizungumzia jambo hili kwa utulivu. Inakubali msaada wa akili unde katika elimu, na inafundisha kwamba uwepo wa mwalimu mbele ya mwanafunzi huzaa uhusiano ambao mashine haiwezi kuuzaa. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, walikwisha kutaka walimu waandaliwe kwa uangalifu wa pekee, wawe na elimu ya dunia na ya dini pamoja na ujuzi wa kulea unaolingana na maendeleo ya nyakati. Kabla ya hapo, Desemba 1963, waliwakumbusha waamini kwamba vyombo vya mawasiliano ni zawadi na pia hatari, kadiri ya moyo wa anayevitumia. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria hapa Tabora kuanzia 1946 hadi 1949, bila kifaa chochote kati ya hivi tunavyovizungumzia. Alibaki na jina la Mwalimu hata baada ya kuwa Rais.

Parokia inaweza kufanya nini

Ombi la kompyuta likifika tena katika Halmashauri ya Walei, tunashauri lirudishwe kwa upole likiwa na maswali. Nani atazitumia, na katika masomo yapi? Amefundishwa wapi? Je, ndani ya bajeti kuna siku chache za mafunzo ya walimu, na kuna fedha ya matengenezo? Kama hakuna, ni heri kununua kompyuta nne pamoja na mafunzo kuliko kununua sita zitakazokaa katika kasha.

Ukumbi wa parokia wenye umeme unaweza kufunguliwa alasiri kwa wanachuo wa ualimu walio katika mazoezi ya kufundisha, wachaji vifaa, wapakue vitabu na wajaribu masomo yao. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanaweza kuwa darasa lao la kwanza, kwa idhini ya wazazi na katekista akiwa amekaa nyuma ya ukumbi kipindi chote. Mwanachuo akifundisha mfano wa Msamaria Mwema kwa picha na sauti, wazee wawili au watatu wa jumuiya waliowahi kuwa walimu wakae wamsikilize, kisha wamweleze kwa faragha alipofanya vema na alipoteleza. Tunao walimu wastaafu wengi katika parokia zetu, na wengi wao hawajaombwa kitu chochote tangu walipostaafu.

Vifaa vitakavyonunuliwa vifunikwe kwa kitambaa, kwa sababu vumbi la kiangazi la Tabora linaua kompyuta kuliko umri. Kabati liwe na daftari la kuazimia. Na ufunguo wake uwe na nakala mbili, ili mwalimu mkuu akisafiri kwenda Dodoma, vipindi vya wiki ile vifundishwe.